Picha Ndogo Juu ya Pembe za Ndovu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika makumbusho ya Marekani kuna picha za sura za watu zinazoenea kiganjani, zilizochorwa kwa rangi ya maji juu ya kipande chembamba cha pembe ya ndovu. Karne ya 19 ilipoanza, watu walizivaa shingoni, walisafiri nazo mfukoni, walimwachia mchumba. Kwa udogo wake zimezushiwa mengi, na chanzo kikubwa ni kutoijua pembe yenyewe.

"Ni kipambo tu, kazi yake nyepesi."

Pembe hainywi rangi ya maji kama karatasi, tena ina mafuta ya asili. Dondoshea rangi ya maji juu yake bila kuiandaa uone: rangi hujikusanya na kuteleza. Mchoraji aliisugua kwa unga wa jiwe, akaitoa mafuta, akaianika juani ipate weupe, kisha akatia gundi ya mgunga kwenye rangi ili ishike. Hata hapo hakuthubutu kupaka kwa mkupuo mmoja, maana brashi yenye maji mengi ikirudi mahali pale pale huinua rangi iliyokwisha kukauka. Shavu lilijengwa kwa vistari na vidoa, safu juu ya safu. Malipo ya taabu hiyo yalikuwa makubwa: rangi ya uso ikiachwa nyepesi, weupe wa pembe hupenya kutoka chini na ngozi huonekana ina damu. Edward Greene Malbone, mzaliwa wa Newport, Rhode Island, kwangu ndiye aliyeiweza siri hiyo kuliko wote. Alifikia kutoza dola 50 kwa picha moja, na alifariki mwaka 1807 hajatimiza miaka 30.

"Walichora kwa brashi ya unywele mmoja."

Unywele mmoja haubebi rangi ya kutosha hata kwa nyusi. Brashi nzuri ilikuwa na tumbo la kushika rangi na ncha kali.

"Wachoraji ni wanaume, wachorwaji ni matajiri weupe."

Sarah Goodridge alijifunza sehemu kubwa ya kazi hii mwenyewe, akafungua studio Boston na kuitunza familia yake kwa kipato cha brashi. Anna Claypoole Peale alichaguliwa kuwa mwanachama wa chuo cha sanaa cha Pennsylvania mwaka 1824.

Ama kuhusu wachorwaji, ni kweli wengi walikuwa watu wenye fedha. Lakini mtazameni Elizabeth Freeman. Mwanamke huyu Mweusi alikuwa mtumwa Massachusetts. Mwaka 1781 alikwenda mahakamani kudai uhuru wake, akashinda. Baadaye alifanya kazi ya mshahara nyumbani kwa Theodore Sedgwick, wakili aliyemtetea. Mwaka 1811 Susan Sedgwick, mke wa mtoto wa wakili huyo, alimchora kwa rangi ya maji juu ya pembe: gauni la buluu, kofia nyeupe ya kitambaa, mkufu wa shanga za dhahabu, na macho yanayomkabili mtazamaji bila kuinama. Picha hiyo imehifadhiwa Boston, na ndiyo inayotuwezesha leo kuijua sura yake.

"Kamera ilizimaliza mara moja."

Picha za kamera zilitangazwa Paris mwaka 1839, na kweli wateja walipungua mwaka hadi mwaka. Hata hivyo Agosti 1860 mchoraji wa picha hizi, John Henry Brown, alisafiri kutoka Philadelphia hadi Springfield, Illinois, kumchora Abraham Lincoln, wakati huo mgombea urais. Kwanza alimpeleka kwa mpiga picha, kisha akafanya kazi akitumia picha hizo pamoja na Lincoln mwenyewe aliyekaa mbele yake. Kamera ikawa msaidizi wa brashi. Na mwaka 1899 wachoraji wa Marekani waliunda chama chao cha picha hizi.

"Pembe zenyewe zilitoka India."

Hili linanigusa zaidi. Sehemu kubwa ya pembe iliyofika Marekani karne hiyo ilikuwa ya ndovu wa Afrika. Meli za Salem, Massachusetts, zilitia nanga Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konseli wao, yaani balozi mdogo, akaja kukaa Unguja. Wamarekani walileta merikani, kitambaa cha pamba, wakaondoka na pembe zilizobebwa mabegani na wapagazi kutoka bara. Nyingi ziliishia kuwa vitana na vibao vya piano huko Connecticut. Wachoraji walichukua sehemu ndogo sana.

"Ikichafuka, ipitishie kitambaa chenye maji."

Hapana, kabisa! Rangi ile bado huyeyuka kwa maji, na pembe nyembamba ikipata unyevu hujipinda, ikikauka ghafla hupasuka. Mwanga mkali nao hufifiza rangi ya mashavu kwanza. Iache ndani ya kioo chake, iweke mbali na dirisha, na ukungu ukiingia mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi kazi za sanaa.