Mbegu Haijaota? Usiimwage Bado: Dhana Potofu Kuhusu Kuandaa Mbegu za Asili

Chungu kinachomwagwa kabla ya wakati wake huniuma sana. Mara nyingi mbegu iliyomo huwa hai, imelala tu.

“Wiki mbili zimepita, haioti, basi imekufa.” Mahindi na maharage yamechaguliwa na wakulima kwa maelfu ya miaka ili yaote upesi na kwa pamoja. Mmea wa porini haukupitia mikono hiyo. Mbegu zake zikiota zote kwa mvua ya kwanza, kisha jua likakaza, hazibaki za kuendeleza kizazi. Ndiyo maana nyingine hulala zikingoja. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alifukia chupa za mbegu huko Michigan, Marekani. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 ilikuwa bado na mbegu zilizoota. Ukiwa na shaka, pasua punje moja. Ukikuta ndani kumejaa na ni kugumu, zilizobaki zipe muda. Ukikuta tupu au tepetepe, pasua nyingine mbili tatu kabla ya kukata tamaa.

“Loweka usiku kucha, inatosha.” Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu kinachoizuia mbegu kuota si kimoja. Mbegu za migunga na jamaa zake wengi wa mikunde zina ganda lisilopitisha maji, hata ukiziacha ndani ya bakuli siku tano. Zisugue kwa msasa mpaka rangi ya ndani ianze kuonekana, ukikwepa upande wenye kovu ambapo punje ilishikana na ganda la tunda, maana kiini kiko karibu na hapo. Njia nyingine ni maji ya moto: yachemshe, yaepue, yamimine juu ya mbegu, uziache humo hadi kesho yake. Usiziweke motoni; utakuwa umezipika. Zilizovimba zisie siku hiyo hiyo, na ambazo hazijavimba uzirudie.

Mbegu nyingi za mimea ya nchi zenye majira ya baridi kali hutaka kuonjeshwa baridi hiyo kwanza. Zichanganye na mchanga mbichi, uziweke kwenye jokofu kwenye nyuzi joto 4 hivi, mwezi mmoja hadi mitatu. Unyevu ndio siri. Mbegu kavu ndani ya jokofu inahifadhiwa tu, haizinduki.

Kulowesha nako kuna kikomo. Mbegu iliyokwisha kunywa maji inahitaji hewa, na ikizama zaidi ya siku moja huanza kukosa pumzi na kuoza.

“Inayoelea ni mbovu.” Mbegu kavu sana huelea, na yenye bawa au hewa chini ya ganda huelea pia. Zipo nzima kabisa ambazo zingetupwa kwa kipimo hiki. Afadhali ufunge punje 10 kwenye kitambaa kibichi, uzihesabu baada ya siku zake za kuota. Zikiota 7, unajua pa kuanzia: sia mbili kila shimo, ung’oe iliyo dhaifu.

“Za kienyeji na za porini huandaliwa vilevile.” La. Nyanya, kunde au mchicha uliotunzwa kwa vizazi ni mazao ya shambani, na kwa kawaida hayahitaji msasa wala jokofu ili kuota. Adui wao ni umri na hifadhi mbaya. Mbegu ya kitunguu hupoteza uhai baada ya mwaka mmoja au miwili. Mbegu ya nyanya iliyokaushwa vizuri hufika minne na kuzidi. Nyanya ina jambo lake: ule utelezi unaozunguka punje huzuia kuota. Ziache kwenye juisi yake siku mbili au tatu, zioshe, zianike kivulini. Ukizisahau humo wiki nzima, zitaanza kuota ndani ya kikombe.

“Zika chini sana, ishike vizuri.” Kina cha mara mbili au tatu ya unene wa punje kinatosha. Zile ndogo kama vumbi zikandamize tu juu ya udongo; nyingi huota vizuri zaidi zikipata mwanga, na za saladi vilevile.

Na kila chungu kiandike jina la mmea, tarehe uliyosia na namna ulivyoziandaa. Mche ukichomoza baada ya miezi mitano, utajua ni nini kilichouamsha.