Dumu zito nalo hubembea

Wengi tumekua tukiamini kwamba kitu kizito, hata kikisukumwa kwa mdundo wake chenyewe, yaani kwenye rezonansi, hakiwezi kuyumba mbali kama chepesi. Sivyo.

Ning'iniza madumu mawili ya lita 20 kwa kamba za mita 2: moja limejaa maji, lingine maranda ya mbao. Yote mawili huenda na kurudi kwa sekunde 2.8 hivi, uzito haubadilishi mdundo huo. Sasa yasukume kwa nguvu ileile, kila mara kwa wakati wake. La maranda linachangamka upesi, la maji linajikokota. Hapo ndipo watu huacha kusukuma na kudhani wamepata jibu! Wangeendelea, dumu la maji lingefika palepale, kwa kuwa hewa inayapinga madumu yote mawili sawasawa. Limechelewa tu.

Kwenye springi mambo yanashangaza zaidi. Ongeza mzigo mara 4, mdundo unapungua kasi hadi nusu. Ufuate mdundo huo mpya kwa nguvu ileile, na mzigo utayumba mara 2 zaidi. Kwenye rezonansi nguvu za springi na za tungamo (wingi wa maada ya mzigo) hufutana, nguvu yako inabaki kupambana na ukinzani peke yake. Kasi ya juu kabisa haibadiliki, ila kila safari ni ndefu.

Imani ya zamani ina ukweli mahali pengine: ukitikisa kwa haraka kuliko mdundo wa asili, tungamo ndilo linalotawala. Ndiyo maana mashine nyingi za viwandani hufungwa juu ya zege zito.