Kidole cha roboti kinacholika: shida ni maji

Anayeanza kuunda roboti ya kuliwa huhangaikia betri na pampu. Kweli, betri ya kuliwa iliyotengenezwa Italia mwaka 2023 ilitoa volti 0.65 tu, kwa hiyo hapa pampu inakaa nje ya roboti. Lakini kitakachokuangusha kwanza ni maji yaliyomo ndani ya chakula chenyewe.

Chukua kidole laini kinachojikunja kikijazwa hewa, kama kile cha jelatini (protini inayogandisha jeli) na gliserini (kimiminika kizito kitamu) ambacho watafiti wa chuo kikuu cha EPFL, Uswisi, walikionyesha mwaka 2017. Anza na jelatini gramu 20, gliserini ya chakula gramu 20 na maji gramu 160. Vyote vipimwe kwa mizani, hata maji. Nyunyiza jelatini juu ya maji baridi, iache dakika 10 ivimbe, kisha ipashe moto taratibu hadi nyuzijoto 60 na utie gliserini. Isichemke: joto kali hukata minyororo ya protini, jeli ikatoka legelege. Koroga polepole, maana kiputo cha ukubwa wa punje ya mtama kikibaki ukutani, hapo ndipo kidole kitapasukia.

Mimina kwenye kalibu mbili za silikoni: ya mgongo wenye vyumba vya hewa, na ya tumbo tambarare. Tumboni laza karatasi ya mchele iliyoloweshwa kidogo. Mgongo huvutika, karatasi haivutiki. Ndiyo maana kidole hujikunja badala ya kufura kama puto.

Kazi ngumu ni kuunganisha. Gundi ni mchanganyiko uleule, ukiwa na nyuzijoto 45 hivi. Ukizidi moto huyeyusha kuta. Ukipoa huganda juu juu na kubanduka kama utando wa maziwa. Bana, weka kwenye friji saa nzima, kisha zamisha kidole kwenye maji baridi sekunde chache tu huku ukisukuma hewa kwa bomba jipya la sindano, uone kama viputo vinatoka mahali panapovuja. Usikague kwa mafuta ya kupikia. Viputo vitaonekana, ila kiraka hakitashika tena.

Kikiachwa wazi, maji yake hukauka, kidole kikasinyaa na kukakamaa: hewa iliyokikunja jana leo haikitikisi. Gliserini hushika unyevu na kuchelewesha hali hiyo, lakini ikizidi kidole hunata, na anayekila huharisha. Wala usikipe chakula cha moto kishike. Jeli hii hulainika ikikaribia joto la mwili, ndiyo sababu huyeyuka vizuri mdomoni.