Pesa zimezidi kwenye sanduku: makosa ya fomula yasiyopiga kelele

Jumamosi moja asubuhi nilipigiwa simu na mweka hazina wa kikoba kimoja cha Makorora, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hakulala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pesa zimezidi."

Nilicheka nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu, na pesa inahesabiwa mbele ya wanachama wote. Wanachama ni 30, kila mmoja alileta 20,000, na noti zilizohesabiwa zilifika 600,000. Lakini jedwali la Excel kwenye kompyuta ya mjukuu wake lilisema 460,000. Pesa ikipungua, aliniambia, watu wanajua wamshike nani. Ikizidi, wanaanza kuuliza kuna daftari gani jingine lililofichwa.

Nikachukua baiskeli nikaenda. Nafanya kazi hii ya kunyoosha majedwali ya watu hapa Tanga, kutoka wauza samaki mpaka wanunuzi wa machungwa wa Muheza, na nimejifunza kutoogopa zile alama za reli ambazo Excel inatupia watu usoni. #VALUE! au #REF! ni mtoto anayelia: unajua ana shida, unamwendea. Jedwali la mama halikuwa na reli hata moja. Fomula ilikuwa =SUM(C2:C31), yaani jumlisha visanduku (seli) vya safu ya C kuanzia mstari wa 2 mpaka wa 31, sahihi kabisa, imetulia tuli kama maji mtungini, na jibu lake lilikuwa uongo.

Nilichofanya kwanza ni kuandika fomula mbili pembeni. =COUNT(C2:C31) ikajibu 23. =COUNTA(C2:C31) ikajibu 30. Ya kwanza inahesabu seli zenye namba tu, ya pili inahesabu seli zote zisizo tupu. Tofauti ni 7, na 7 mara 20,000 ni 140,000, yaani zile zile zilizopotea. Seli saba zilikuwa na kitu kinachofanana na namba lakini si namba.

Zilikuwa zimejazwa na katibu, siku mjukuu alipokwenda mpirani. Katibu aliandika kama alivyofundishwa shuleni: 20,000/=. Sisi tumekua na alama hiyo, iko kwenye risiti, kwenye kibao cha bei, kwenye bahasha ya mchango wa harusi. Kwa Excel, 20,000/= ni maneno, sawa na kuandika "muhogo". Na SUM ikikutana na maneno ndani ya eneo lake inayaruka bila kusema lolote. Laiti mjukuu angejumlisha kwa alama ya kujumlisha, C2+C3+C4, angepata #VALUE! papo hapo na mama angelala usingizi wake. Sisemi muache SUM. Nasema ujue kwamba upole wake una gharama.

Kwa kawaida jicho lingeligundua hilo mapema, kwa sababu Excel huipanga namba kulia mwa seli na maneno kushoto. Lakini mjukuu alikuwa ameweka kila kitu katikati. Inapendeza, alisema. Tafadhali, jedwali likianza kukutia wasiwasi, ondoa mpangilio wote huo, kisha tazama nani ameegemea wapi.

Dawa yake ni dakika moja. Bonyeza Ctrl na H, tafuta /= na ubadilishe kwa hewa, yaani usiandike kitu kwenye kisanduku cha pili. Seli saba zikageuka namba zenyewe, jumla ikawa 600,000. Katibu alinung'unika kwamba sasa haioneki kama pesa, basi nikaipa safu nzima mtindo wa namba wa kwake: #,##0"/=". Hapo unaandika 20000 tu, Excel inaonyesha 20,000/= na ndani inabaki namba. Kila mtu akaridhika.

Majina ni shimo jingine. Ukitumia VLOOKUP kutafuta mwanachama kwa jina, utakutana na #N/A, yaani halikupatikana, hata kama jina unaliona kwa macho yako. Mara nyingi kuna nafasi imejificha mwishoni mwa jina, TRIM inaiondoa. Kama jina limenakiliwa kutoka ukurasa wa intaneti huenda ile nafasi ni ya aina nyingine, CHAR(160), ambayo TRIM haiigusi na inabidi uing'oe kwa SUBSTITUTE. Lakini pwani hii tatizo kubwa si nafasi. Ni Athumani na Othmani, Abdallah na Abdalla, Salehe na Saleh. Mtu ni mmoja, mtaa unamjua, Excel haimjui. Wape wanachama namba, utafute kwa namba.

Na usisahau kuandika FALSE mwishoni mwa VLOOKUP. Ukiacha, inatafuta jibu la karibu, na jibu la karibu linaweza kuwa deni la jirani.

Wapo wanaoifunga fomula nzima ndani ya IFERROR ili kosa likitokea ionekane sifuri. Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite. Mimi IFERROR naiweka mwisho kabisa, nikishajua kila #N/A imetoka wapi, na hata hapo naiambia iandike "hayupo", si 0. Sifuri inaingia kwenye jumla kama mtu mwenye haki ya kuwemo.

Nyingine nizipitie haraka. #DIV/0! ni kugawa kwa sifuri au kwa seli tupu. #NAME? ni jina la fomula ambalo Excel hailijui; nimeshaona =JUMLA(B2:B9), na mwandishi wake hakuwa mjinga, kwani Mjerumani anaandika SUMME na Mfaransa SOMME, ila sisi bado tunaazima SUM. #REF! ni kwamba umefuta safu ambayo fomula ilikuwa inaitegemea: bonyeza Ctrl na Z sasa hivi, kabla hujafunga faili. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, Excel inashika 15 tu, zinazobaki inazigeuza sifuri na hazirudi tena. Weka alama ya ' mbele yake kabla ya kuandika, na kwenye namba za simu vilevile, maana sifuri ya mwanzo nayo huliwa.

Sasa kosa ninalolipenda, kwa sababu ni letu wenyewe. Godauni moja upande wa Pongwe wanajaza saa za walinzi. Mlinzi aliingia saa 12:00 jioni, akatoka saa 11:00 alfajiri. Karani akaandika =C2-B2, saa ya kutoka toa saa ya kuingia, na kupata #####. Akapanua safu, kwa kuwa aliambiwa reli nyingi maana yake safu ni nyembamba. Reli zikaongezeka. Akapanua tena, mpaka safu moja ikajaza nusu ya skrini.

Kumbe ##### ina maana mbili. Ya pili ni muda ulio chini ya sifuri: 11 kutoa 12 ni saa moja pungufu, na Excel haiwezi kuonyesha saa ya namna hiyo. Dawa inayofundishwa kote ni =MOD(C2-B2,1), ambayo huuzungusha muda ndani ya siku moja ya saa 24. Tukaiweka. Ikajibu saa 23. Mlinzi angefurahi sana.

Dawa hiyo imetengenezwa kwa saa inayoanza usiku wa manane na kwenda mpaka 24. Saa yetu inafika 12 na kuanza upya, mara mbili kwa siku. Kwa Excel siku nzima ni 1, kwa hiyo mzunguko wetu ni nusu: =MOD(C2-B2,0.5). Jibu likawa 11:00. Ukiona 0.4583 usishtuke, ni kitu kilekile kabla hujakipa mtindo wa saa, kwani 11 ukigawa kwa 24 unapata hiyo.

Ila mlinzi aliyekesha kutoka 12:00 mpaka 12:00 akapata sifuri. Nikaongeza: =IF(C2=B2,0.5,MOD(C2-B2,0.5)). Nikaondoka nikijisifu. Wiki iliyofuata karani akanipigia: mlinzi ambaye hakuja kazini kabisa naye amepewa saa 12. Tupu ni sawa na tupu. Hilo lilikuwa kosa langu, si la Excel wala la karani, na lisingegundulika kama mtu asingekuwa anamjua mlinzi kwa sura. Sasa fomula inaanza kwa kuuliza kama B2 ni tupu. Nilimshauri karani waandike 18:00 na 05:00, akaniangalia. Walinzi wanasaini wenyewe, bwana, na hakuna anayeandika 18:00.

Tarehe ndizo zinazonitisha zaidi. Kompyuta nyingi huja zimewekwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Andika 13/03/2025: hakuna mwezi wa 13, basi Excel inaiacha kama maneno, inaegemea kushoto, unaigundua. Andika 05/03/2025 ukimaanisha tarehe 5 Machi: inaipokea kwa furaha kama tarehe 3 Mei. Kwa ndani 5 Machi ni 45721 na 3 Mei ni 45780, tofauti ya siku 59, na mkopaji aliyechelewa miezi miwili anaonekana mwaminifu. Kubadilisha mipangilio ya kompyuta kunasaidia tarehe zijazo tu. Zilizokwisha kuandikwa lazima uzilinganishe na daftari moja moja. Njia ya mkato sijaipata.

Mama wa Makorora sasa anaweka COUNT na COUNTA juu ya kila safu. Mwezi uliofuata alinitumia picha kwa WhatsApp: 29 na 30. Nikamuuliza seli gani.

"Hiyo moja nimeandika BADO," akajibu. "Hajaleta."

Nikamwambia aiache ilivyo.