Profesa Anapokabidhiwa Chuo

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandaa faili za Seneti, kikao kikuu cha masuala ya kitaaluma chuoni, na za Baraza la Chuo hapa Mombasa, wahadhiri vijana huniuliza msomi hupitia wapi hadi akakikalia kiti cha Naibu Chansela. Katika vyuo vikuu vya umma vya Kenya, Chansela hutunuku shahada siku ya mahafali, lakini anayekiendesha chuo kila siku ni Naibu wake. Ngazi za kitaaluma zinajulikana, kuanzia uhadhiri hadi uprofesa. Sambamba nazo kuna uenyekiti wa idara, ukuu wa kitivo, na usaidizi wa Naibu Chansela.

Tatizo ni kwamba uprofesa hupatikana kwa makala na kwa wanafunzi wa uzamifu (PhD) waliosimamiwa hadi wakahitimu, ilhali chuo hakiendeshwi kwa makala. Profesa aliyezoea kuichambua hoja moja kwa miaka hukuta mezani notisi ya mgomo, ambayo kisheria humwachia siku 7, na chini yake orodha ya wahadhiri wa muda wanaodai malipo, na chini kabisa tasnifu aliyoahidi kuisoma. Hiyo ya chini ndiyo hungoja. Naona aliyeiva zaidi kwa kiti hicho ni yule aliyewahi kuongoza idara, ambako humlazimu kumfuata mwenzake wa miaka mingi asiyewasilisha alama za mtihani, bila ya kuwa na uwezo mkubwa wa kumwadhibu. Wengi huukwepa uenyekiti huo, na siwalaumu.

Gharama ya kiti cha Naibu Chansela ni utafiti. Profesa Olive Mugenda, mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha umma nchini, alikiongoza Chuo Kikuu cha Kenyatta kuanzia 2006 hadi 2016, na katika muda kama huo taaluma yoyote husonga mbele bila kumsubiri aliye ofisini. Ali Mazrui, msomi wa sayansi ya siasa na mzaliwa wa mji huu, alifika ukuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, na baadaye akawa Chansela wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, cheo kilichomwachia nafasi ya kuendelea kuandika.

Ndiyo maana huwashauri wanaoutaka wadhifa wa Naibu Chansela wabaki na angalau mwanafunzi mmoja wa uzamifu, na miadi yake iandikwe kwenye shajara ya ofisi kabla ya vikao vya Baraza havijapangwa.