Wiki moja bila bomba: maji, nafaka, mboga na mlango wa kaya ya watu watano

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Aprili 2024, kule Rufiji na Kibiti, maji yalifunika mashamba na nyumba, na maji ya mafuriko yaliyokwisha kupita vyooni hayanyweki. Ukame na mafuriko hukutana kwenye dumu. Ndiyo maana kaya yenye fedha kidogo ya kujiandaa kabla ya masika tunaishauri ianzie kwenye maji, iende kwenye nafaka, kisha mboga, na ulinzi uje mwishoni. Wengi hufanya kinyume: panga na tochi kwanza, dumu wanalikumbuka foleni ikishakuwa ndefu.

Maji

Katika huduma za dharura kiwango cha chini ni lita 15 kwa mtu kwa siku kwa matumizi yote ya nyumbani. Ukibana sana, yaani kunywa, kupika na kunawa tu, lita 7.5 zinatosha. Watu 5 kwa siku 7 kwa kiwango hicho cha kubana wanahitaji kama lita 260: pipa moja la lita 200 na madumu 3 ya lita 20. Pipa lililobeba kemikali za kiwandani au dawa za shambani usilinunue hata muuzaji akuapie kwamba limeoshwa. Plastiki hunyonya dawa na kuirudisha kwenye maji polepole. Lililobeba mafuta ya kula au juisi linafaa.

Paa la bati ni kisima ambacho wengi wanakiacha kimwagike. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inakupa lita 480 kwenye karatasi, na karibu 380 kwenye pipa baada ya kutoa yanayoruka nje ya gata na yanayobaki juu ya bati. Mvua moja nzuri inajaza akiba yote tuliyoitaja hapo juu.

Tatizo ni maji ya mwanzo, yanayoosha vumbi, kinyesi cha ndege na majani. Fundi yeyote wa bomba anaweza kukutengenezea mtego wake. Chukua bomba la plastiki la inchi 4, liunge kwenye gata likining'inia wima kabla ya njia ya kwenda pipani, na mwisho wa chini ufungwe kwa kifuniko cha kuzungusha. Kila mita ya bomba hilo hubeba karibu lita 8, hivyo mita 3 zitashika lita 24, ambazo ni nusu milimita ya kwanza ya paa letu. Likijaa, maji safi yanapita juu yake kwenda pipani. Toboa tundu dogo la milimita 2 au 3 kwenye kifuniko ili lijimwage lenyewe mvua ikikatika. Bila tundu hilo utasahau kulimwaga, na mvua ya pili itapeleka uchafu wote pipani. Tundu likizibwa na majani matokeo ni hayo hayo, kwa hiyo fungua kifuniko usafishe kila baada ya mvua kubwa.

Mdomo wa pipa ufunikwe kwa wavu wa mbu na kamba ya mpira. Mbu wa dengi hupenda maji safi yaliyotulia karibu na watu, na Dar es Salaam imewahi kupata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Vyombo vidogo visivyo na kifuniko vimwagwe na kusuguliwa kila wiki, kwa sababu mayai hushika kwenye kuta za chombo na kumwaga peke yake hakuyaondoi.

Kutibu maji kuna makosa mengi kuliko kuyahifadhi. La kwanza ni kutia klorini kwenye maji ya tope: klorini huishia kupambana na tope, vijidudu vikabaki. Yaache yatulie usiku kucha, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo utibu. Mbegu za mlonge husaidia kushusha tope. Kwa dumu la lita 20 lenye tope la wastani twanga mbegu 10 zilizomenywa, au 20 kama maji ni kama chai ya maziwa. Changanya unga wake na maji safi kidogo, chuja, mimina kwenye dumu, koroga kwa nguvu dakika 1, koroga polepole dakika 5, kisha acha saa 1 hadi 2. Mlonge hushusha tope lakini hauui vijidudu vyote, na maji yake hayakai: yatibu na kuyatumia siku hiyo hiyo.

Ukiwa na dawa ya maji ya dukani, fuata kipimo cha kwenye pakiti. Ukiwa na jiki tu, soma kwanza nguvu yake kwenye chupa. Ikiwa ni asilimia 3.5, weka matone 3 kwa lita, yaani mililita 3 kwa dumu la lita 20. Pima kwa bomba jipya la sindano lisilo na sindano. Vifuniko na vijiko vya nyumbani havilingani. Ikiwa ni asilimia 5 au 6, matone 2 kwa lita. Subiri dakika 30, kisha nusa: harufu hafifu ya klorini iwepo. Isiposikika, rudia kipimo mara moja tu na usubiri tena. Jiki yenye manukato au rangi haifai kunywesha watu. Jiki iliyokaa juani au iliyopita mwaka imepungua nguvu, nayo ndiyo sababu mtu anatia kipimo sahihi na watoto wanaharisha vilevile. Na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, mvuke wake unaunguza mapafu.

Kuchemsha kunatosha maji yakitokota sawasawa dakika 1. Kwenye miinuko ya zaidi ya mita 2,000, kama Limuru, Eldoret au Nyahururu, chemsha dakika 3, kwa kuwa huko maji hutokota kabla ya kufikia joto la nyuzi 100. Wakazi wa Arusha, Manyara na Kilimanjaro wanaotumia visima vyenye floridi wajue kwamba kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani floridi inazidi kukolea. Kwao maji ya mvua ndiyo akiba bora kuliko yote.

Nafaka

Kipimo cha mgao wa dharura kwa mtu mmoja kwa siku ni takriban gramu 400 za nafaka, 60 za maharage au kunde, 25 za mafuta na 5 za chumvi. Watu 5 kwa siku 14 wanahitaji kilo 28 za nafaka, ambazo ni kama debe moja na nusu, maharage kilo 4 na robo, mafuta lita 2 na chumvi nusu kilo. Hifadhi punje. Dona ina kiini chenye mafuta, huanza kuvunda mapema na kuwa chungu. Sembe hukaa zaidi lakini haikai kama punje. Weka na mkaa au gesi ya kuipikia, maana maharage makavu bila moto ni kokoto tu.

Adui wa kwanza ni unyevu. Mahindi yakauke hadi asilimia 13 au chini kidogo. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo, kwa tabaka lisilozidi sentimita 4, ukigeuza mara kwa mara. Kuna kipimo cha chumvi kinachokaribia ukweli bila mashine: chukua chupa kavu ya kioo ya mililita 750, jaza mahindi theluthi moja, ongeza vijiko 2 au 3 vya chai vya chumvi kavu kabisa, tikisa dakika 3, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda uko chini ya hapo, lakini huenda bado hujafika 13, kwa hiyo ongeza siku nyingine ya jua. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevunyevu kipimo kinadanganya. Ianike kwanza.

Mahindi yasiyokauka vizuri kwenye gunia huzaa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Mwaka 2004 Wakenya 125 walikufa kwa sumu hiyo katika maeneo ya Makueni na Kitui, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haionekani kwa macho wala haifi kwa kupikwa, hata ugali ukikaa jikoni saa nzima. Unachoweza kufanya ni kuchambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kisha kuzizika au kuzichoma. Kuwapa kuku si kuokoa chakula, maana nao wanadhurika.

Adui wa pili ni dumuzi, ambaye wakulima wengi wa Kenya humwita Osama. Asili yake ni Amerika ya Kati, akaingia Tanzania kupitia Tabora, na anageuza gunia kuwa unga kwa miezi michache. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa humkomesha bila dawa: wadudu hutumia oksijeni iliyomo ndani, ikiisha wanakufa. Kabla ya kujaza, puliza kila mfuko wa ndani kama puto na usikilize tundu. Mahindi yapoe kwanza, yasiingie yakiwa na joto la jua. Jaza, kamua hewa, sokota mdomo, ukunje, funga kwa kamba. Fanya hivyo kwa kila tabaka, moja baada ya jingine. Uweke juu ya chaga, mbali na ukuta, na usiufungue kabla ya mwezi kupita. Kila unapouchungulia unawapa wadudu pumzi mpya. Panya mmoja akitoboa, kazi yote imeharibika, hivyo usafi wa chumba si urembo.

Vidonge vya kufukizia ghala, vile wauzaji huviita fostoksini, visiingie kwenye nyumba wanayolala watu. Gesi yake hupita chini ya mlango na kwenye nyufa za dari na kuua familia usingizini. Hatuna kipimo salama cha kukupa kwa matumizi ya chumbani, kwa sababu hakipo.

Mboga

Bustani ya gunia haitakushibisha, ila itakupa mboga ya majani wakati barabara ya sokoni imekatika. Gunia moja la kilo 100 linachukua miche 30 hadi 40. Changanya ndoo 3 za udongo wa juu kwa ndoo 1 ya samadi iliyooza, na kama udongo ni mfinyanzi ongeza ndoo 1 ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi, na miche ikinyauka siku ya nne watu hulaumu mbegu. Simamisha katikati kopo kubwa lisilo na kitako, lijaze kokoto, zungushia udongo, livute juu, ujaze tena, hadi upate nguzo ya mawe toka chini mpaka juu. Nguzo hiyo ndiyo inayoshusha maji. Ikiziba, miche ya juu inaoza na ya chini inakauka kwenye gunia lile lile.

Toboa ubavuni kwa umbali wa sentimita 20, pandikiza sukuma wiki au chainizi pembeni na mchicha juu, na umwagilie lita 5 asubuhi na 5 jioni. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha kazi hiyo. Matembele ndiyo tunayoyapendelea kwa dharura: kipande cha shina sentimita 30, vifundo viwili vikiwa udongoni, na ndani ya wiki 5 au 6 unachuma. Vidukari wakitokea, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1, nyunyiza chini ya majani jioni.

Ulinzi

Hapa ndipo fedha hupotea. Panga la chini ya kitanda hutumika vibaya mara nyingi: gizani, kwa hofu, na aghalabu linaishia mkononi mwa aliyeingia. Anza na mlango. Bawaba na komeo nyingi zimefungwa kwa skrubu za inchi 1, teke moja linazing'oa na vipande vya mbao. Badilisha ziwe za inchi 3 zinazopita fremu na kushika ukuta, na weka komeo mbili, juu na chini. Taa ya sola yenye kihisi iwe juu, mkono usiifikie. Filimbi moja kila chumba, na mkubaliane na majirani na mjumbe wenu ishara ni ipi, kwa mfano mipulizo mitatu. Ukelele usio na makubaliano kila mtu hudhani ni wa nyumba nyingine. Polisi kwa Tanzania ni 112, zimamoto 114.

Mtu akikukamata kifundo cha mkono, usivute kinyumenyume. Udhaifu wa mshiko uko pale dole gumba linapokutana na vidole. Elekeza upande mwembamba wa mkono wako hapo, sogeza kiwiko chako kumwelekea, chomoa kwa ghafla, piga kelele, kimbia. Fanyeni zoezi hilo nyumbani mara kumi kila upande. Sheria inakuruhusu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari. Mwizi akishadhibitiwa, kipigo kinachofuata ni kosa la jinai lako wewe.

Kuna hatari moja ambayo ulinzi wenyewe huileta: nondo za madirishani. Zinazuia mwizi, na moto ukiwaka zinawafungia watoto ndani. Kila chumba cha kulala kinahitaji angalau dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba na kufuli la upande wa ndani, funguo ikining'inia mahali ambapo mtoto anafikia na mkono wa nje haufiki. Jiko la mkaa lisiingie ndani kwa ajili ya mvua wala baridi, gesi yake inaua na haina harufu. Ukisikia harufu ya gesi ya mtungi usiguse swichi, hata ya kuzima: funga vali, fungua mlango, toka. Na mafuriko yakikaribia, zima meini swichi kabla maji hayajafika kwenye soketi.

Funguo ya dirisha ijaribiwe usiku, taa zikiwa zimezimwa, na mdogo kuliko wote anayeweza kusimama hapo. Akishindwa kufungua ndani ya nusu dakika, badilisha kufuli wiki hiyo hiyo.