Kadi mbili za grafiki kwenye laptopu moja: usiizime, ilaze

Wengi wanaouliza namna ya kuhama kutoka grafiki za Intel kwenda za NVIDIA hudhani ndani ya laptopu kuna swichi. Zipo chache zenye swichi halisi, hasa za gemu, na huitwa MUX. Hiyo hubadilishwa kwenye BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla ya mfumo kuwaka) au programu ya mtengenezaji. Nyingine nyingi hazina. Skrini imeungwa kwenye grafiki zilizomo ndani ya prosesa, na kadi ya NVIDIA haina waya unaofika hapo. Ikishachora picha, picha hiyo hunakiliwa kwenye kumbukumbu ya Intel, na Intel ndiyo huipeleka kwenye skrini. NVIDIA waliutoa mpango huu mwaka 2010 kwa jina la Optimus. Kwa hiyo Intel haizimwi. Cha kuamua ni lini NVIDIA iamke na lini ilale.

Kwenye Windows 11 kazi ni ndogo. Fungua Settings, System, Display, kisha Graphics, chagua programu, iwekee "High performance", uifunge na kuifungua tena. Watu hukwama zaidi kwenye Ubuntu, mfumo wa Linux, na amri zote zifuatazo ni za kuandika kwenye terminali yake.

Kabla ya kugusa chochote, angalia nyaya zilivyopita:

lspci | grep -E "VGA|3D"
ls -l /sys/class/drm/

NVIDIA ikiandikwa "3D controller", kwa kawaida haina tundu la kutolea picha. Ikiandikwa "VGA compatible controller", huenda HDMI ni yake. Amri ya pili inakata shauri: tafuta mstari wenye HDMI-A-1, uone kama njia yake inapitia 0000:00:02.0, yaani Intel, au 0000:01:00.0, ambayo mara nyingi ndiyo NVIDIA. Ikiwa ni ya NVIDIA, halafu ukatumia prime-select intel (amri ya kubaki na Intel peke yake) ili kuokoa betri, HDMI inakufa pamoja na kadi. Utaligundua hilo mbele ya projekta, watu wameshakaa.

Weka draiva (programu inayoiendesha kadi) na hali ya kuamka inapohitajika:

sudo ubuntu-drivers install
sudo prime-select on-demand

Kama Secure Boot, ulinzi unaozuia draiva zisizoidhinishwa, imewashwa, unaweza kuombwa nenosiri wakati wa kusakinisha, na mashine ikiwaka upya inatokea skrini ya bluu. Chagua "Enroll MOK" na uandike nenosiri lile lile. Ukiiruka hatua hiyo, kerneli (kiini cha mfumo) inaikataa draiva, na nvidia-smi, amri ya kuangalia hali ya kadi, italalamika kuwa haiwezi kuwasiliana nayo. Kusakinisha upya mara tatu hakusaidii kitu hapo.

Programu moja moja hupelekwa kwenye NVIDIA hivi; hapa glxinfo ni ya kujaribia:

__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia glxinfo -B

Mstari wa "OpenGL renderer" ukitaja NVIDIA, mambo yamekaa sawa. Kwenye Steam, programu ya gemu, weka vigezo hivyo viwili kwenye "Launch Options", kisha %command% mwishoni.

Sasa betri. Chukua betri ya wati-saa 50 na laptopu inayokula wati 7: inadumu saa 7 hivi. Kadi iliyo macho bila kazi ikiongeza wati 8, zinabaki saa 3 na ushee. Kujua kama imelala:

cat /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/power/runtime_status

Jibu unalotaka ni "suspended". Usipime kwa nvidia-smi, maana yenyewe huiamsha kadi. Ukiiacha ijirudie kila sekunde, kadi haitalala kabisa.

Ikibaki "active", andika mstari huu kwenye /etc/modprobe.d/nvidia-pm.conf:

options nvidia NVreg_DynamicPowerManagement=0x02

Endesha sudo update-initramfs -u, kisha washa upya. Bado iko macho? Angalia faili power/control ya 01:00.0 na ya 01:00.1, ambayo ni sauti ya HDMI. Zote ziwe "auto", kwani sauti ikikesha, kadi nzima inakesha nayo. Halafu sudo fuser -v /dev/nvidia* ikuonyeshe programu iliyoishikilia.

Haya ya usingizi ni ya kadi za NVIDIA za GTX 16, RTX 20 na zilizofuata. GTX 10 na za nyuma yake hazina usingizi wa namna hii kwenye draiva ya NVIDIA. Kwa hizo, prime-select intel ndiyo njia ya maana ukiwa safarini, mradi umeshajua HDMI yako inatoka wapi.